Gogo Alilopewa Ambrose Loran

Mtu akitaka kujua kama shemeji yangu Ambrose yuko nyumbani hakuwa na haja ya kupiga hodi. Alizima gari barabarani, akateremsha kioo, akasikiliza. Kama Ambrose yupo, ungesikia mgongo wa shoka ukishuka juu ya gogo, pigo baada ya pigo, bila haraka, tangu asubuhi hadi mama yake amwite kula. Sasa barabara ya Snye, kijiji chetu katika nchi ya Wamohawk ya Akwesasne, iko kimya. Na kwa kuwa watu hawawezi kuvumilia kimya bila kukijaza maneno, nimeona afadhali niandike mimi niliyekuwapo, kabla hawajamaliza kusimulia wale wanaokunywa kahawa kwenye kituo cha petroli cha Hogansburg.

Wao husema akina Loran ndio walioleta dumuzi wa miti Akwesasne. Husema kwa ufupi hivyo hivyo, kisha huomba sukari.

Jina hilo niliolewa nalo. Marehemu mume wangu, Leonard Loran, alikuwa kaka yake Ambrose, na alipofariki aliniachia nyumba, mama yake, mdogo wake na jina. Vyote nimevitunza kadiri nilivyoweza. Nilifundisha shule miaka mingi na najua habari ni nini na uvumi ni nini. Habari ya Ambrose ni hii.

Ujanani alikwenda New York kufanya kazi ya vyuma, kama wanaume wengi wa kwetu, akifunga mihimili ya maghorofa mahali ambapo ndege huruka chini ya viatu vyako. Huko alipata rafiki, Hiram Jocko, Mmohawk mwenzetu aliyeoa kwa watu wa Onondaga akahamia huko. Walikula kwenye kopo moja la chakula, wakalala chumba kimoja cha kupanga, na mgongo wa Ambrose ulipoharibika ni Hiram aliyemleta nyumbani kwa pikapu yake, akimtukana njia nzima ili asilale. Kuanzia hapo Ambrose akawa mtwangaji wa mama yake.

Mama yake, Snye nzima humwita Tota, yaani bibi. Yeye ni msukaji wa vikapu. Lakini mti wa vikapu, ambao Wazungu huuita eshi mweusi, haukupi kitu mpaka uupige. Unalimenya gogo gome lake, unalipiga kwa mgongo wa shoka toka ncha hadi ncha, na kila mwaka mmoja wa uhai wa mti unajiinua wenyewe kama tabaka la kitunguu. Tabaka hizo ndizo huchanwa chane. Bila mtwangaji, msukaji hukaa na mikono mapajani. Wote wawili walilijua hilo, na ndiyo sababu waligombana kila siku.

Wanawake wa mchezo wa bingo walizoea kumtania. "Ambrose, utaoa lini wewe?"

"Nikimpata kiziwi," alijibu. "Mwenye masikio hawezi kukaa nyumba hii. Nikinyamaza mimi na shoka langu, anaanza mama."

Miti yetu ilikuwa nyuma ya nyumba, kinamasini. Kinamasi kile alikiacha babu yake Leonard, na mpaka wa Kanada na Amerika unapita katikati yake. Liko jiwe la mpaka ndani ya maji, limeinama, na Ambrose alipokuwa akikata mti alitundika koti lake juu yake. Eshi wa upande huu na wa upande ule walikunywa maji yale yale. Kwa sababu hiyo tu, kinamasi cha akina Loran kilikuja kujulikana Ottawa na Washington.

Dumuzi wa kijani alikuwa ameshamaliza miti ya eshi upande wa magharibi, jimbo baada ya jimbo. Kila nchi ilimpiga kwa sheria zake. Huku walikata miti, kule waliidunga dawa. Ramani ya huku ilikataza kuni zisitoke wilaya hii, ya kule ikaziruhusu. Mdudu akaruka juu ya ramani zote mbili. Mwishowe wakakubali kukaa meza moja, serikali mbili na Baraza letu la Wamohawk, ambalo lilikataa kukaa kama mgeni na likapewa kiti sawa na wengine. Wakaiita Kamati ya Pamoja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mkakati mmoja wa utafiti na sera moja kwa bonde zima la mto, na mwenyekiti alikuwa Wesley, wa Baraza letu, binamu wa mbali wa mume wangu.

Mkakati wao ulihitaji msitu mmoja usio na dumuzi, ili misitu mingine yote ipimwe kwa huo, na ili mbegu zake zihifadhiwe katika maghala ya nchi zote mbili. Daktari Pauline Verreault, mtafiti wa upande wa Kanada, alitundika mitego ya rangi ya zambarau ya kunasia dumuzi kwenye miti yetu na kila kiangazi aliiteremsha mitupu. Siku moja akaja jikoni kutupa habari.

"Tota, msitu wako ndio utakuwa kipimo chetu," akasema. "Mingine yote tutailinganisha na huu."

"Umechelewa," Tota akamjibu. "Mimi nimekuwa nikiwalinganisha watu na wanangu tangu hujazaliwa, na hajafaulu hata mmoja."

Daktari alicheka mpaka akafuta miwani. Alimpenda Tota, na mimi sikuwahi kumkosea heshima. Jina letu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi za mataifa, na limeandikwa kwa jambo jema.

Sharti la Kamati lilikuwa moja. Gogo la eshi kutoka nje lisiingie Snye, kwa njia yoyote, kwa sababu yoyote. Liliposomwa ukumbini, Ambrose aliinua mkono wake pamoja na wengine. Nilikuwa nimeketi karibu naye.

Majira ya baridi yaliyofuata, Hiram akafa.

Kwetu, siku ya kumi baada ya kifo, watu hukutana kula, na vitu vya marehemu hugawiwa. Kofia kwa huyu, kinanda kwa yule, mpaka nyumba isiwe na kitu cha kumshika miguu asiende zake. Unachopewa hukikatai. Ukikikataa ni kama umesimama mlangoni ukamzuia. Ambrose aliendesha gari hadi Onondaga kwenye karamu hiyo. Huko eshi walikuwa wamesimama wamekufa pande zote za barabara, magome yao yamechunwa na vigogota waliokuwa wakifukua mabuu.

Walipomaliza kula, binti yake Hiram alimshika Ambrose mkono akampeleka uani. Kwenye theluji kulikuwa na gogo la eshi, refu, limenyooka, halina kifundo. Hiram alikuwa amelichagua mwenyewe vuli ile, kabla hajalala asiamke.

"Baba alisema hili ni lako, Baba Mdogo," binti akasema. "Alisema wewe ndiye mtu pekee anayemjua asiyeweza kulikata vibaya."

"Muongo mkubwa baba yako," Ambrose akasema.

Alinieleza baadaye kwamba alilikagua. Hakuona tundu hata moja. Lakini buu akiwa ndani hapigi hodi. Alijiambia kwamba akifika atalizamisha kijitoni, kama tunavyozamisha magogo yote ili yasikauke, na maji yataua chochote kilichomo. Wanaume watatu wakamsaidia kulipakia. Akaendesha. Barabara ya kuingia Snye hutoka upande wa Amerika na haina lango wala askari. Unaweza kubadili nchi wakati unatafuta stesheni ya redio.

Kijito kilikuwa kimeganda. Akaliweka gogo chini ya banda kusubiri barafu iyeyuke. Barafu ikayeyuka, na hakulizamisha. Alitwanga magogo mengine, lile akalizunguka.

"Lile gogo zuri la bandani mbona hulitwangi?" Tota alimuuliza asubuhi moja. Hakujua lilikotoka, wala mimi sikujua. Tulidhani ni la kinamasini.

"Bado tunazungumza," Ambrose akasema.

Tukacheka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akijibu mambo yote.

Ilikuwa Juni alipolimenya hatimaye. Nilikuwa nakata mkate wa mahindi jikoni, Tota anapanga chane zake mezani, na Ambrose akaingia na viatu vyake vya matope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaweka kipande cha gome mezani, kando ya sahani. Upande wa nje kilikuwa na vitundu vidogo vyenye umbo la nusu mwezi. Akakigeuza. Upande wa ndani ulikuwa umechorwa njia zinazopindapinda, zimejaa unga, na mwisho wa kila njia palikuwa na tundu.

"Wameshatoka," akasema. "Hili ni gogo la Hiram."

Tota alipapasa gome kwa vidole. Macho yake yalikuwa yameanza kuzima, lakini vidole havikuhitaji msaada.

"Lichome," akasema. "Lichome leo, na hilo gome, na mdomo wako uufunge."

Mimi niliuliza swali ambalo yeyote mwenye jina la kulinda angeliuliza. "Nani mwingine ameliona?"

"Mimi nimeliona," Ambrose akasema.

"Nauliza mtu mwingine."

"Shemeji, Alhamisi wanapitisha mkakati. Watakipima kila kitu kwa kinamasi chetu. Mti ukifa kule watasema hapa haufi, watatafuta sababu kwenye udongo, kwenye maji. Watapoteza miaka mingapi? Na mbegu je?"

"Na ukisema, watakata," Tota akasema. "Unawajua. Hawatabakiza mti. Babu yako alimkatalia mwenye kiwanda cha mbao, akamkatalia padri, akaikatalia serikali, miti ikabaki. Wewe unataka kuitoa kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Mama, nitakuwa natwanga nini huku najua?"

"Utatwanga eshi! Kwani nani amekuuliza unajua nini?"

Alichukua gome lake akatoka. Tulisubiri kusikia shoka, na hatukulisikia siku ile wala siku zilizofuata.

Alhamisi nilivaa koti langu la kanisani nikaenda naye. Kama jina lingetajwa, lisingetajwa bila mwenyewe kuwapo. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wageni wa Ottawa walikaa upande mmoja, wa Washington upande wa pili, Baraza katikati, na kwenye ukuta ramani ya bonde yenye doa moja la kijani, ambalo lilikuwa kwetu. Mkakati ukasomwa sura baada ya sura. Wesley akauliza kama yuko mwenye neno kabla haujapitishwa. Aliuliza huku ameshashika kalamu.

Ambrose akasimama, akatembea hadi mezani, akaweka gome juu ya karatasi zao.

"Sharti lilisema gogo lisiingie," akasema. "Mimi nimeliingiza. Nilipewa kwenye karamu ya rafiki yangu. Limekaa bandani tangu theluji na wadudu wametoka. Msipime kwa kinamasi chetu."

Kisha kutoka nyuma sauti ikaita, "Loran! Umetuletea wageni, na hata supu hujapika!" Wachache wakacheka, kicheko kile cha watu walioogopa. Niligeuka nikamtazama mwenye sauti mpaka akainamisha kofia. Simtaji, mama yake alikuwa mwanafunzi wangu.

Daktari Verreault aliliinua gome karibu na dirisha. Alilitazama mbele na nyuma, kisha akalishusha polepole.

"Kutoka bandani hadi kwenye miti ni mbali gani?" akauliza.

"Ukisimama mlangoni unaigusa."

"Asante kwa kusema, Ambrose." Alivua miwani. "Unajua itabidi tufanye nini."

"Najua. Nani atakata?"

"Kuna kikosi cha..."

"Hapana," Ambrose akasema. "Nitakata mimi."

Mkakati haukupitishwa. Watu hudhani serikali hushikamana kwa karatasi, lakini nilichokiona mimi ni kwamba Kamati ile ilikuwa imeshikiliwa na kinamasi kimoja chenye jiwe katikati. Kilipoondoka, kila upande ulitafuta msitu wake ndani ya mpaka wake, kila upande ukasema msitu wake ndio bora, na ikawa mikutano ya kubishana ramani ya nani itumike. Daktari Verreault alizeeka mbele ya macho yetu.

Ambrose alikata miti wakati wa baridi, wakati dumuzi haruki, upande huu wa jiwe na upande ule. Wapwa wawili walimsaidia mwanzoni, kisha mmoja akapata kazi ya vyuma Boston na mwingine akaacha kuja. Tota alikaa dirishani asikoona kitu. Kila mti ulipoanguka kioo kilitetemeka, naye alisema, "Mwingine." Hakusema neno jingine la kumlaumu mwanawe. Ningependelea angesema.

Magogo yote yalizamishwa kijitoni, na barafu ilipoondoka Ambrose akaanza kutwanga. Mtu mmoja hutwanga magogo machache kwa mwaka, kadiri msukaji anavyohitaji. Yeye alitaka asiache hata moja lioze. Bega lake lilivimba, nikalifunga kwa kitambaa. Akahamia mkono wa kushoto. Chane alizikunja vifungu vifungu, akavipandisha darini, mpaka dari ikanuka msitu. Gogo la Hiram peke yake ndilo halikutwangwa. Kamati ililichoma uani, na Ambrose alisimama pale mpaka likawa majivu, kofia mkononi.

Kiangazi kilichofuata mitego ilinasa dumuzi. Ilinasa kwetu, ikanasa kisiwani, ikanasa ng'ambo ya mto. Daktari Verreault alikuja jikoni, akakaa kiti kile kile.

"Nimekuja kukuambia jambo, Ambrose. Wako wengi mno, na mbali mno. Gogo moja haliwezi kuwatoa wote. Huenda walishavuka kutoka kaskazini kabla ya gogo lako. Hatutajua kamwe."

"Wewe unaweza kutojua, Daktari," Ambrose akasema. "Mtu ukishamaliza kupima ukakosa jibu, unaandika kwamba hujui, unalala. Mimi naona matundu yale nikifumba macho."

"Siyo haki kujitwisha yote."

"Kunywa kahawa yako, itapoa."

Hakutania tena baada ya hapo, si wanawake wa bingo, si mimi. Hakuna mtu aliyemtukana usoni. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Waliacha tu kusimamisha gari.

Alikufa Machi, bandani, ameketi juu ya gogo la mwisho lililokuwa nusu limetwangwa. Daktari wa hospitali alisema ni moyo.

Siku ya kumi tulipika supu ya mahindi na mkate wa kuchemsha wenye maharage, na watu walikuja, wengi kuliko nilivyotegemea. Tukagawa. Kofia yake ya chuma ya New York ilichukuliwa na mpwa wa Boston, akiwa analia. Ndoana zake, redio yake, koti lile lililokuwa likitundikwa kwenye jiwe, vyote vilipata mikono. Kisha nikaliinua shoka. Nikasubiri. Niliwatazama watu nao wakatazama bakuli zao. Halikuwa dharau. Mtu achukue shoka la kutwangia akatwange nini?

"Lilete hapa," Tota akasema, na akaliweka mapajani kama mtoto mchanga.

Wesley alisubiri watu wapungue ndipo akanisogelea. Kamati ilikuwa imekutana tena, akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule pande zote zilikuwa zimekubaliana kitu. Kilikuwa kifungu kimoja cha sera. Gogo linalotolewa kwenye karamu ya marehemu litolewe gome hapo hapo marehemu alipofia, gome hilo lichomwe kabla gogo halijasogezwa, na serikali hizo mbili ziliheshimu jambo hilo kama zinavyoheshimu vyeti vyao zenyewe. Watu hawatalazimika kukataa, wala kuficha.

"Ni kwa sababu yake," Wesley akasema kwa sauti ya chini. "Tumeeleza kisa chote. Ila tumeandika 'mwanajamii mmoja'. Shemeji, jina tumelificha kwa heshima yenu."

Nilikuwa bado nalipima jambo hilo. Jina letu lilikuwa limesemwa vya kutosha, na nilikuwa nimechoka. Lakini Tota alikuwa amesikia.

"Heshima gani?" akauliza. "Mwanangu amesimama mbele ya serikali mbili na gome mkononi, na mimi mama yake nimemkataza. Amenipita mimi, amewapita ninyi. Halafu mnamwita mmoja? Mmoja ni nani? Andika Ambrose Loran."

Wesley alinitazama mimi, kama watu wanavyonitazama jambo likihusu karatasi.

"Mama amesema," nikamwambia. "Na uandike vizuri. Nitasoma."

Nimesoma. Limeandikwa kwa lugha zote tatu za Kamati, bila kosa. Wa kituo cha petroli wanaweza kuendelea na kahawa yao. Akiuliza mtu, ajue mahali pa kusoma.

Miti ilikuwa ikinywa maji mengi kuliko tulivyofikiri. Tangu ilipoondoka, kinamasi kimepanda, majani marefu ya majini yameota pote, na mwaka huu sijaliona jiwe la mpaka. Tota bado anasuka. Haoni kabisa sasa, lakini vikapu vyake vimenyooka. Kila chane zikimwishia mimi hupanda darini kumletea vifungu viwili.

Juzi alisimama chini ya ngazi, mkono ukutani. "Zimebaki nyingi?" akauliza.

Niliangaza tochi toka pembe hadi pembe.

"Zipo, Mama," nikasema, na nikashuka na kifungu kimoja badala ya viwili.